Mtungi wa Ikombe

Barua ya shule ilikuwa imekaa siku nne juu ya friji, imekandamizwa na kikombe, na Valerian alikuwa akiipita kama alivyozipita barua zote za Kiingereza. Barua zilizofika katika nyumba ile ya kupanga, ghorofa ya pili, katika mji wa Hopkins, ughaibuni, zilikuwa za aina mbili: zinazodai na zinazokataa. Za hospitali zilidai. Za uhamiaji zilikataa. Mkewe Brigitha alipokuwa hai ndiye aliyezisoma, na hata iliyokuwa mbaya aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma salamu za nyumbani. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tisa. Brigitha alikuwa na mwaka mmoja na nusu ardhini, na msomaji aliyebaki mle ndani alikuwa binti yao Brightness, wa miaka kumi na mmoja.

"Dad, u-sign hii," alisema Brightness, akaiweka karibu na sahani ya baba yake.

"Wanataka nini tena hao?"

"Pot. Ya clay." Akakunja uso akilitafuta neno. Kiswahili alikielewa chote, ila kukijibu alikijibu kwa Kiingereza, na baba mtu alikuwa amezoea kuokota maneno anayoyajua na kuyaacha mengine yapite. "Chungu. Kila mtoto alete. Tunasoma Misri ya zamani, vile watu walitumia vyungu. Every day."

Valerian akaweka tonge chini.

"Chungu? Shule ya Wazungu inataka chungu?"

Aligeuka akatazama pembe ya jiko. Pale, juu ya taulo lililokunjwa mara nne, ulikaa mtungi. Mama yake Brigitha ndiye aliyeufinyanga kule Ikombe, ukingoni mwa ziwa, kwa mikono mitupu, akausugua kwa kokoto hadi ukang'aa, akauzungushia shingoni mistari myeupe na myekundu. Brigitha alisafiri nao mapajani kutoka Dar es Salaam, ndege tatu, na kila mhudumu aliyemwambia auweke chini alijibiwa kuwa mtoto amelala humo. Maji ya bomba ya huku, alisema, yananuka dawa. Yalale usiku mmoja ndani ya udongo, ndipo yanakuwa maji. Alipolazwa, akakataa yale ya barafu ya hospitali, Valerian akawa anampelekea ya mtungini kwenye chupa ya chai. Na baada ya kumzika aliendelea kuujaza kila jioni, akitoka kazini, kabla hata ya kuvua koti.

"Si lazima huo," Brightness alisema upesi. "Wanauza, Dad. Vidogo. Vya maua."

"Vya maua!" Valerian akacheka mpaka akashika meza. "Hao Wamisri walikunywa kwenye vyungu vya maua? Mwalimu wako atuone sisi watu wa namna gani? Miaka mitatu wanatuomba vitu tusivyo navyo. Lete kompyuta, lete hema la kulala msituni, lete viatu vya kuteleza kwenye barafu. Leo wameomba kitu tulicho nacho. Tena tunacho kuliko wao! Lete hicho kitabu chako nione."

Kilikuwa kitabu cha maktaba, kimejaa picha. Wakaketi bega kwa bega chini ya taa ya jikoni, Brightness akifunua, Valerian akinyoosha kidole. Picha ya kwanza ilionyesha mtungi mkubwa umesimamishwa kwenye kigoda cha mbao, na chini yake bakuli.

"Maji yanapita," Brightness alieleza, akichanganya lugha zake mbili kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. "Kwa ukuta wa pot. Halafu upepo, halafu inakuwa baridi."

"Unatoka jasho. Andika hivyo. Mtungi mzuri unatoka jasho. Usiotoka jasho ni plastiki. Bibi yako alikuwa akiugonga hivi, kwa kifundo cha kidole, akiinamisha sikio. Ukilia ngii, unafaa. Ukisema bwo, anaurudisha udongoni. Hii mitungi ya nini?"

"Beer."

"Pombe? Shuleni wanawafundisha pombe?"

"Kila mtu alikunywa. Wale wanajenga makaburi ya wafalme, walilipwa mkate na beer."

Hapo Valerian akainua kidole, maana hapo ndipo alipokuwa na elimu yake. "Umeona? Mwenzako anabeba jiwe mgongoni, analipwa kibuyu cha pombe. Na mkubwa mwenyewe, anayejengewa, alikunywa kwenye nini?"

"Gold, I think. Dhahabu."

"Andika na hilo. Walimu huwa wanalisahau."

Akafunua mwenyewe. Palikuwa na kigae, kipande tu cha chungu kilichovunjika, kimechorwa vinguo vidogo vidogo: kanzu, shuka, mkanda. Brightness alisoma maelezo kimyakimya, kisha akatabasamu. Wamisri hawakutupa vigae, alisema. Waliviandikia, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali. Na hiki kilikuwa cha dobi. Dobi hakujua kusoma, kwa hiyo wenye nguo walimchorea.

Valerian, ambaye mwaka wa tatu sasa alikuwa akifua mashuka ya wazee katika nyumba ya kuwatunzia kule Saint Louis Park, alikitazama kigae kile kwa muda mrefu. "Basi na mimi nimo kitabuni," alisema. "Bibi yako naye yumo. Mfinyanzi hulia gaeni, si unaujua huo? Vyungu vizuri vyote alivipeleka mnadani Matema Jumamosi, yeye akawa anakula ugali kwenye kigae. Mama yako alikua akidhani ndiyo sahani."

Brightness aliandika. Aliandika kurasa mbili. Kisha akafika kwenye picha ya vyungu virefu vyembamba vilivyopangwa juu ya moto, na kalamu ikasimama.

"Hivi ni vya mkate. Wanaweka ndani, inaiva. Then they break it."

"Wanavunja nini?"

"Chungu. Ndiyo mkate utoke." Akameza mate. "Baba." Hakusema Dad. "Wakati mwingine wanavunja. Kwa kusudi. Na hata shuleni, sometimes, they..."

"Mwanamke wa kwetu anayevunja chungu kila akipika angerudishwa kwao kabla ya mwaka," alisema Valerian, akicheka bado. "Lete kalamu hiyo."

Akaichukua barua, akaweka sahihi aliyofundishwa na Brigitha wakati wa viza, V kubwa yenye mkia. Brightness aliutazama ule mkia mpaka wino ukakauka. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

Jumatatu jioni Valerian aliumimina mtungi, akaukausha karibu na bomba la joto. Jumanne asubuhi akaufunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari, Brightness akakaa nyuma. Hakusema neno njia nzima, na baba yake alidhani ni baridi.

Mwalimu, Bi Lindquist, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya mnyororo, aliupokea mtungi kwa mikono miwili. Hilo Valerian aliliona na likamwingia moyoni: mikono miwili. Akauzungusha, akaigusa ile mistari, akasema ni mzuri mno. Kisha akamtazama baba mtu usoni, akamuuliza kama ana hakika.

"Sure," alisema Valerian. "Sure, sure."

Akamwuliza tena, polepole, kama watu wanavyosema na viziwi. Valerian akacheka, akampungia mkono kumwonyesha kwamba kwao watu si wachoyo. Brightness alikuwa akitazama viatu vyake.

*

"Mzee Vale, sasa wewe ni Farao kabisa," alisema Naftali, Mkisii aliyekuwa akikunja naye mashuka. "Utaanza kututuma."

"Farao gani mwenye mikono inayonuka klorini?"

"Si ni wewe? Unaitwa shule Ijumaa na wazazi wengine kutazama vyungu, unavaa suti, unaonyesha mali. Mimi nikiitwa shule ni kijana amepiga mtu. Enda, mzee. Friday nita-cover shift yako, lakini msimamizi umwambie mwenyewe, mimi simo."

Msimamizi alikuwa kijana mwenye umri wa kuzaliwa na Valerian, anayekula tufaha huku akizungumza. Aliuliza ruhusa ni ya nini. Valerian, aliyekuwa amejiandaa, akasema: shule, binti, Misri.

"Nilidhani unatoka Tanzania," alisema yule kijana.

"Tanzania, yes."

"Basi amua." Akacheka peke yake, akaandika saa mbili za ruhusa zisizolipwa. Valerian naye akacheka kidogo, kwa sababu asiyecheka na mkubwa hupewa zamu ya Jumapili.

*

Ijumaa alivaa suti nyeusi. Ndani ya gari alirudia sentensi zake alizomwomba Naftali amtengenezee: Hii kafanya mama ya mke wangu. Hii bila mashine. Hii inapoza maji. Alikuwa amepanga asimame kando ya mtungi, mikono nyuma, asubiri kuulizwa.

Darasani wazazi walikuwa wameshika vikombe vya juisi. Ukutani palikuwa na picha za mto Naili zilizopakwa rangi na watoto. Meza zote zilikuwa zimesogezwa pembeni, na katikati, sakafuni, palikuwa na masinia makubwa ya plastiki yaliyojaa mchanga, watoto wamepiga magoti kuyazunguka, wakiwa na brashi ndogo na vijiko. Valerian alipita akitazama juu ya meza. Akatazama dirishani. Akatazama juu ya kabati la vitabu, mahali ambapo mtu mwenye akili angeweka kitu cha thamani watoto wasikifikie.

"Angalieni! Hiki kina rangi!" alipiga kelele msichana mmoja mwenye waya wa meno, akainua kitu kutoka mchangani.

Kilikuwa kigae, ukubwa wa kiganja. Kina mstari mweupe, na chini yake mwekundu. Msichana alikipuliza vumbi, akachukua kalamu ya wino, akakiandika namba kumi na tisa.

Valerian hakuelewa mara moja. Mwili ndio ulioelewa. Alijikuta amesogea hadi ukingoni mwa sinia. Alitazama sinia hilo, akaona kingine, na kingine, vimechanganyika na vipande vyekundu vya vyungu vya maua. Sentensi za Naftali zote zikamponyoka, likabaki neno moja ambalo hakujua kama ni la Kiingereza ama la kwao.

"Nani?" alisema. "Who? Who break?"

Bi Lindquist alikuja akitabasamu, akaanza kueleza: watoto walivizungushia taulo, wakatumia nyundo, wakazika vigae, na sasa wanafukua na kuunganisha kwa gundi kama wataalamu wa mambo ya kale. Alikuwa ameeleza nusu alipouona uso wa Valerian. Mkono ukamwenda mdomoni.

"Lakini nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mara mbili."

Kwenye sinia la mwisho Brightness alikuwa ameinama, akisugua mchanga kwa brashi mahali pamoja tu. Hakuinua kichwa.

*

Ofisi ya mkuu wa shule ilikuwa na viti laini, vile vinavyomzamisha mtu awe chini ya meza. Mkuu alikuwa mwanamume mnene, mpole. Aliagiza mkalimani. Baada ya robo saa wakamleta mama mmoja kutoka jikoni, Msomali, bado amevaa glavu. Alisikiliza, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye anajua Kisomali.

"Si ni Afrika?" karani aliuliza mlangoni.

Yule mama alimtazama Valerian, akavua glavu moja, akamgusa bega. "Pole, baba," alisema. Hayo mawili aliyaokota kambini Kenya. Akarudi jikoni. Katika jengo lile zima hakuna aliyesema neno la maana kumzidi.

Ndipo wakamwita Brightness atafsiri. Alikaa katikati yao, mchanga bado uko magotini.

Mkuu alisogeza karatasi mbele. Barua yenyewe. Akaweka kidole kwenye mstari, kisha kwenye ile V yenye mkia. Alisema anasikitika mno. Alisema barua ilieleza wazi: chungu cha bei rahisi, kisicho na thamani, kwa sababu kitavunjwa. Alisema hata hivyo shule ingependa kufanya jambo. Alikuwa amekwisha kuchukua fomu na kufungua kalamu. Huenda wakanunua mtungi mwingine, huenda wakamwandikia barua rasmi ya kuomba radhi. Katika hayo yote Brightness alimtafsiria baba yake mtungi mwingine na radhi tu.

"Mwambie," alisema Valerian, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mwambie mwingine haupo, aliyeufinyanga amekufa, na aliyeubeba amekufa. Mwambie mama yako alikufa kwa sababu ya wakubwa wenye kalamu kama yeye. Miezi saba wanamwambia ni uchovu. Mfanyakazi wa usiku, uchovu! Mama yako, nesi mzima, anawaambia nina uvimbe, wanamwambia pumzika. Na wakaniletea karatasi nisaini. Kila wanapomaliza kuharibu wanakuletea karatasi uliyosaini. Mwambie yote hayo."

Brightness alifuta pua kwa mkono. "He's very sad," alimwambia mkuu.

Maneno machache vile. Valerian akamtazama.

Mkuu naye alimtazama, kwa upole, akaegemea mbele. Akamwuliza kwa Kiingereza: je, barua hii ulimsomea baba? Ulimsomea yote?

Brightness aligeuka kwa baba yake.

"Anasema pole sana," alisema.

Kiingereza cha Valerian kilikuwa cha kufulia. Alijua moto na baridi, alijua kunja, alijua haraka. Na neno *read* alilijua, kwa sababu limebandikwa kwa herufi nyekundu kwenye kila mashine, nalo ndilo neno la kwanza alilofundishwa kazini: soma kabla hujagusa. Alilisikia likitoka kinywani mwa mkuu, mara mbili, na alimwona mtoto akilizika.

Basi akaelewa. Akaona jioni ile ya kitabu, kalamu iliyosimama, mtoto akimeza mate. Baba. Wakati mwingine wanavunja. Alikuwa ameambiwa, naye akamrudishia utani wa kurudisha mke kwao.

Wakubwa wote aliokuwa akiwalaani mwaka na nusu walipita mbele yake, daktari wa miezi saba, karani wa viza, msimamizi mla tufaha, na kila mmoja alistahili laana yake. Lakini katika jiko lile la Hopkins mkubwa alikuwa mmoja.

Mkuu alikuwa akingoja jibu, na hakuwa akimtazama Valerian. Alikuwa akimtazama mtoto. Na Valerian aliijua ile namna ya kutazama. Ndivyo wanavyokutazama kabla ya kuandika jina lako mahali ambapo halifutiki.

"She read," alisema.

Wote wawili wakageuka.

"She read to me. All. Good girl." Akajigonga kifua. "Me. I hear, I forget. I sign. My mistake."

Mkuu alivuta pumzi, na uso ukamfunguka kama wa mtu aliyeambiwa hana ugonjwa. Akasema haya hutokea. Akasema anashukuru sana kwa uungwana wake. Akafunika kalamu, na ile fomu akairudisha kwenye mtoto wa meza. Wakubwa wana namna yao ya kukupa mkono: wanakupa huku wamekwisha kusimama.

*

Kwenye ukumbi mrefu, kando ya makabati ya watoto, Valerian alisimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

Brightness alikuwa analia bila sauti, jinsi alivyojifunza kulia ili asimwamshe mtu wa zamu.

"Ulikuwa unacheka," alisema.

Alilisema kwa Kiswahili, na yaliyofuata yote akayasema kwa Kiswahili, kimevunjika, kinachechemea, lakini hakukiacha. "Ulikuwa unacheka, Baba. Ulisema habari ya Bibi. Ulisema Mama alikulia kwa kigae. Siku zote wewe huongei. Unakuja, unajaza maji, unalala. Mimi nikasema, asimalize kuongea. Nikasema, kesho nitamwambia. Kesho nikasema kesho. Halafu ikawa Jumanne."

"Nani aliupiga nyundo?"

"Kila mtu anapiga chake," alisema. "Ndiyo sheria. Mwalimu akasema kama sitaki, basi. Lakini nikaona Tyler anataka kunipigia. Nikasema hapana. Afadhali mimi."

Valerian aliinua mkono, na mtoto akafumba macho. Lakini mkono ulitua kichwani, kwenye misuko aliyoisuka mwenyewe Jumapili, imepinda yote, mmoja umeanza kufumuka. Akajaribu kuurudisha, ukafumuka zaidi.

"Mmepata vingapi?" aliuliza.

"Vigae? Ishirini na sita."

"Na shingo?"

"Bado shingo. Iko chini."

Darasani wazazi wengine walikuwa wanaanza kuvaa makoti. Valerian alivua lake, akaliweka juu ya meza, akapiga magoti kwenye sinia, akaingiza mkono mchangani mpaka kwenye kiwiko.

"Bwana," alisema Bi Lindquist kwa sauti ndogo, macho yake mekundu. "Tafadhali. Kwa mkono vinaweza kuvunjika zaidi." Akampa brashi. Kisha, kwa aibu, maana watoto wote walikuwa wakitazama na sheria alikuwa ameitunga yeye, akamwonyesha mstari: kila mmoja dakika mbili, kwa zamu.

Valerian akanyanyuka. Akaenda nyuma kabisa ya mstari, nyuma ya watoto wanne, mchanga unamdondoka mikononi. Wa kwanza alikuwa Brightness, aliyerudishiwa zamu aliyoiacha alipoitwa ofisini.

"Baba, chukua yangu," alisema, akigeuka. "Chukua zamu yangu."

"Hapana," alisema Valerian. "Chimba wewe. Polepole. Mimi nitasubiri."